Selo Katika Stoo ya Majeneza

Mume wangu Ndaki tulimzika mwezi uliopita hapa Ng'ambo ya Tabora, na watani walipoanza kumwigiza, mimi mjane ndiye niliyecheka kuliko wote. Mmoja wao alivaa kofia yake na koti lake, akasimama mlangoni ameshika kiuno, akafoka: "Chakula kiko wapi? Mnanisubirisha mimi, mtu mzima?" Ilikuwa sauti yake kabisa. Wanawake wakadhani nimezidiwa na majonzi, wakanifunika khanga usoni, nami nikachekea humo ndani hadi mbavu zikauma. Halafu humo humo, katika lile joto na harufu ya sabuni, kicheko kikanikatika. Nilikuwa nimekumbuka msiba mwingine wa zamani, ambapo mtani mwingine aliketi kwenye kiti cha marehemu mwingine, na kitu alichokibana katikati ya magoti kilikuwa kiwe changu. Sasa Ndaki hayupo wa kunifumba mdomo. Shangazi Paskazia naye alishatangulia. Nitasema, na nitawataja kwa majina, maana wao waliponisema mimi hawakunificha jina.

Mwaka wenyewe ni ule niliotimiza miaka kumi na saba. Nilikotoka na kwa nini nilitoka hakuna kazi hapa. Ni kijiji cha Lusu, na shule niliiachia darasa la tano, inatosha. Shangazi alikuwa na banda la chakula nyuma ya karakana ya useremala, na mimi ndiye nilikuwa mikono yake: kusonga ugali, kuchuma na kuchambua, kuteka maji, kuosha. Karakana ilikuwa na mafundi watano. Ndaki ndiye fundi mkuu, wakati huo kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye kifua na maneno. Wa mwisho kabisa, aliyekaa pembeni na sahani yake, alikuwa Mzee Melkiori, Mrundi aliyetoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mtu mrefu mkimya ambaye alikuwa akisema asante kwa kila kitu, hata kwa chumvi. Walitengeneza milango, vitanda na majeneza, vyote kwa mninga, na vumbi la mninga ni jekundu, basi saa sita mchana mafundi wote walikuja kula wakiwa wekundu hadi kwenye kope, kama watu waliotoka kuzaliwa muda si mrefu. Mpaka leo nikiota kuhusu mwaka ule, naota wekundu kwanza. Watu wanafuata baadaye.

Wakila walitaniana. "Felista, ugali wa leo mgumu kama gogo," mmoja angesema. "Basi upige randa," nilijibu, "si ndiyo kazi yako?" Wakacheka, Shangazi akanikata jicho, maana hakupenda nichekeshe wanaume. Mlenda, nsansa ya karanga, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, siku nyingine michembe ya viazi vikavu na chai kwa sababu unga umekwisha. Ndaki alikuwa akinyoosha sahani yake mara ya pili bila kunitazama usoni, akitazama mahali pengine. Mara mbili aliniambia twende tukatembee upande wa stesheni, mara mbili nikamwambia nina vyombo. Mara ya tatu akasema, "Unaringa na nini, mpika mlenda?" Nikampa mgongo. Hilo likumbukwe, maana lilikuja kunigharimu.

Baada ya kula mafundi walilala chini ya mabenchi, juu ya maranda, na karakana nzima ikatulia. Saa nane ya Tabora mwezi wa kumi, kabla ya mvua, hata kuku hawatembei. Ndipo siku moja, nikiwa nimeinama kwenye karai la vyombo, nikasikia sauti inatoka stoo. Siwezi kusema ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzito, ndefu, ya mtu mzima anayeguna kwa raha au kwa maumivu, haikupanda wala kushuka, ilikatika, ikarudi ile ile. Niliifuata nikiwa na mikono inayochuruzika maji. Stoo ndiko walikoweka majeneza yaliyokwisha, yamepangwa ukutani wima na mengine yamelazwa. Mzee Melkiori alikuwa amekaa juu ya mojawapo, amelikumbatia zeze kubwa kuliko nililowahi kuliona, lina kiuno na mabega, na mkono wa kulia unavuta upinde taratibu. Na majeneza matupu yote yalikuwa yakimwitikia. Nakuapia, niliweka kiganja kwenye ubao wa jeneza nikalisikia linatetemeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuamsha?"

"Sikulala. Hilo zeze mbona linaimba neno moja tu?"

Akainua mkono wa kushoto, akanionyesha. Vidole viwili havikuwepo, cha kati na cha pete, vimekatwa shinani. "Neno moja ndilo lililobaki," akasema. "Mengine yalikuwa kwenye hivi."

Vidole vile vilikatwa na msumeno wa umeme pale pale karakana, mwaka uliotangulia. Msumeno ulikuwa na kinga yake ya bati, na Ndaki aliiondoa ili kazi iende haraka. Nilisikia kwa masikio yangu mafundi wakisema hivyo, na nilimsikia Ndaki akijibu, "Mzee mwenyewe alikuwa anasinzia." Hakuwa anasinzia. Mtu aliyekaa miaka minane Ubelgiji akipiga selo, ndilo jina la zeze lile, katika kundi la watu themanini wanaovuta pumzi kwa wakati mmoja, hasinzii mbele ya msumeno.

Maisha yake alinipa kwa vipande, mchana baada ya mchana, na sijui kama nimeviunga sawa. Seminari kwao Burundi, na bruda mmoja mzee aliyemfundisha kushika upinde kwa kumwekea yai kiganjani. Kisha meli, na mji wenye baridi ambako kabla ya kupiga alichovya vidole kwenye maji ya moto. Alikaa safu ya tatu, halafu ya pili. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele alikuwa akimletea supu. Alirudi kwao ili afungue shule ya watoto, na akaifungua, ikakaa miaka miwili, yakaja mauaji ya mwaka sabini na mbili. Alipokimbia hakubeba nguo. Aliifunga selo kwenye shuka, akaiweka kichwani, na njiani watu walimpisha na kumpa pole, wakidhani amebeba maiti ya mtoto. "Nikapokea pole zote," aliniambia, "sikumkatalia mtu." Ulyankulu alilima tumbaku kama wenzake, na ndani ya selo, kupitia yale matobo mawili ya kifuani, akahifadhi mbegu za mahindi panya wasizile. Alisimulia hayo bila hasira, amefumba macho, na hilo lilinishangaza, nami mpaka leo nimeshindwa kujifunza. Mimi hasira ninayo, na nimeitunza vizuri.

Basi alichotaka kwangu kilikuwa ni hiki. Yeye anavuta upinde, mimi nakaa kwenye kigoda ubavuni mwake, naizungushia selo mkono shingoni, na pale anaposema napabonyeza uzi kwa vidole vyangu. "Juu. Juu zaidi. Hapo. Kaza." Ala moja, watu wawili. Siku za kwanza vidole viliwaka moto hadi nikashindwa kushika mwiko. Uzi mmoja ulikuwa umekatika akaweka waya aliouchambua kutoka breki ya baiskeli, ule ulinichana. Upinde wenyewe ulikuwa na singa za mkia wa punda, alizoagiza Igunga. Lakini wiki ya tatu au ya nne, sijui, mvua za kwanza zikiwa zinapiga bati, tuliuanza wimbo mmoja tukaumaliza bila yeye kusema neno, na nilipoinua kichwa niliona machozi yamechora mistari miwili kwenye vumbi jekundu la mashavu yake. Mimi nilikuwa kama nimeamka mahali nisipopajua. Nilijitazama mkono kama wa mtu mwingine. Nimezaa watoto wanne tangu hapo, nimemzika mmoja, lakini mchana ule ndio ninaourudia kila ninapotafuta usingizi.

Kufikia Krismasi alinikabidhi upinde pia. Akawa anakaa juu ya jeneza mbele yangu, ananisikiliza, anapiga kidole gotini. Siku moja akasema: "Nina rafiki, tulikaa safu moja kule. Sasa anafundisha Nairobi, shule ya muziki. Nimemwandikia. Baada ya masika atapita hapa na treni ya Kigoma, atashuka siku moja akusikilize. Akikubali, atakuchukua."

"Mimi? Wa darasa la tano?"

"Haulizi darasa. Anauliza masikio na mkono. Na selo hii utakwenda nayo, mimi sina kazi nayo tena."

Nikabeba maneno yale kama mtu anayebeba maji bila mtungi. Nilipika na Nairobi, nikaosha vyombo na Nairobi. Sikumwambia mtu.

Sasa, kukaa vile kwa siku za mwanzo, mkono wangu shingoni mwa selo na bega langu kwenye bega lake, mtu akichungulia mlangoni anaona anachotaka kuona. Aliyechungulia alikuwa Ndaki. Alimwambia Shangazi, nami nilikuwa nyuma ya ukuta wa miti napepeta mchele, nikasikia kila neno. "Shangazi, yule binti yako anakaliana na Mrundi stoo. Kila mchana. Mimi nakwambia kwa heshima tu." Shangazi akamuuliza kama ana hakika. "Nimeona kwa macho. Kama hujali jina lake, mimi bado ningemchukua, hata na hayo." Shangazi Paskazia hakuniuliza kitu. Alinipiga na mwiko wa ugali, upande bapa, kisha akaanza kutembeza habari yeye mwenyewe sokoni, kwa kujidai anaomba ushauri. Ndani ya wiki moja nilikuwa nikipita, wanawake wananyamaza. Mzee Melkiori alikwenda kwake akamwamkia kwa mikono miwili, akamwambia, "Mama, huyu ni mwanafunzi." Shangazi akamjibu, "Mwanafunzi bila daftari?"

Tukaendelea, mlango ukiwa wazi. Lakini kifua cha mzee kilikuwa kimeshajaa vumbi la miaka, na masika yale kikohozi hakikumwacha. Alilazwa siku nne. Wiki tatu kabla ya treni ya rafiki yake, akafa. Wenzake walimchongea jeneza zuri, siwanyimi hilo, la mninga mmoja usio na fundo.

Msiba uliwekwa uani kwa karakana, na hapo likatokea jambo ambalo kwa watu wa kwingine ni dogo. Mkimbizi hana watani. Na msiba wa Tabora bila watani hauendi: nani atalala kaburini akatae kutoka, nani atamwigiza marehemu watu wapate kucheka, machozi yapungue? Wanaume walikaa wakitazamana kwa aibu, maana ilikuwa kama wanamzika mbwa. Ndipo akainuka Hamisi, muuza kahawa, Mzaramo ambaye babu yake alifika hapa na misafara ya pembe akabaki. "Huyu amekula ugali wenu miaka mingapi?" akasema. "Basi ni Mnyamwezi, na mimi ni mtani wake. Babu zenu walipita kwetu na mizigo vichwani wakatuibia mihogo. Leo nimempata mmoja kalala, hawezi kukimbia." Watu wakalipuka kwa kicheko, na wapo waliolia kwa sababu hatimaye mzee amepata watu. Hamisi akaingia stoo, akatoka na selo. Akakaa kwenye kiti, akaibana magotini, akafumba macho, akavuta upinde kwa shingo iliyopinda vile vile kama ya mzee, na ikatoka sauti ya mlango uliokosa mafuta. "Asante," akawa anasema kila akivuta. "Asante. Asante kwa chumvi." Hata mimi nilicheka. Halafu akasimama nayo. "Hii nakwenda nayo. Ndugu wa marehemu aje na kuku aikomboe. Siku tatu."

Ndivyo ilivyo desturi, na haina ubaya: mtani huchukua kitu cha marehemu, ndugu huja na kuku na maneno ya kuchekesha, kitu kinarudi. Lakini ndugu ni nani? Nikaona ninasimama, magoti yalikuwa yamekwisha nyooka. Shangazi akanishika mkono chini ya khanga, kucha zikaingia. "Ukienda pale unakwenda kama nani?" akaninong'oneza. "Kama binti yake? Au kama mke wake? Hawa hawatakuuliza, watachagua wenyewe." Nikakaa.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda kwa Hamisi na kuku, jike jekundu ambaye nilimlea mwenyewe. Alikuwa anatwanga kahawa barazani, na majirani zake wamekaa na vikombe.

"Shikamoo, mzee Hamisi. Nimeleta kuku."

"Marahaba. Kuku wa nani huyu, mwembamba kama mwenyewe?"

"Wa zeze."

Akaweka mchi chini. Sauti yake ikashuka, ikawa ya mzazi. "Sawa. Niambie sasa, mwanangu, wewe ni nani kwa marehemu?"

Alikuwa ananipa mlango. Nauona sasa, na niliuona hata siku ile. Neno moja tu, binti, lingetosha. Angetoa mzaha wake, watu wangecheka, ningebeba selo kichwani hadi nyumbani. Lakini mle barazani alikuwamo mama mmoja rafiki wa Shangazi, na alikuwa ameacha kunywa, anasubiri jibu langu na kikombe kiko mdomoni.

"Mpishi wake," nikasema.

Hamisi akauchukua tena mchi wake. "Mpishi hakomboi," akasema. "Rudi kafikirie. Nakuongezea kesho." Kesho yake Shangazi alinifungia ndani.

Na Hamisi naye namtaja, ingawa wengi wananiambia hana kosa. Angeweza kunipa. Alijua. Badala yake, siku zilipopita, akampa mdogo wake, mrina asali wa njia ya Sikonge, na yule bwana alipokiona kitu cha mbao nyepesi, kikavu, kitupu ndani, kina matobo mawili, aliona alichoona kila mtu wa kwetu ambaye hakuisikia ikipigwa: mzinga. Akaipaka nta, akaziba shingo, akaitundika juu ya mti porini. Nilikwenda kuiona. Ilikuwa juu sana, imelala kwenye tawi, nyuki wanaingia na kutoka penye yale matobo. Watu husubiri niseme kwamba ilikuwa inaimba. Ilivuma kama mzinga. Asali yake ya kwanza ililetwa kwenye harusi yangu na Ndaki, Hamisi mwenyewe aliibeba kwa mikono miwili, ametazama chini, nami nililishwa kijiko cha kwanza mbele ya watu.

Lakini kabla ya harusi alifika mgeni. Posa ilikuwa imepokelewa, Ndaki ameanza kula kwetu kama mwenye nyumba. Mchana huo akaingia na mzungu mzee, mwenye mkoba wa ngozi, jasho linamtiririka. Ameshuka na treni, ameulizia karakana, amekuta rafiki yake ni kaburi. Alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza lakini kilieleweka. Wakamketisha mezani. Nikaleta wali, nikaleta kuku, yule yule jike jekundu.

"Na mwanafunzi?" akauliza. "Aliniandikia barua tatu juu ya mwanafunzi."

Ndaki akamega tonge la wali. "Hakuna mwanafunzi, bwana. Mzee alikuwa amechanganyikiwa mwishoni. Maisha ya ukimbizi, unajua."

Shangazi akasema, "Maskini," akaangalia kwingine.

Nilikuwa nimesimama na birika na beseni, ninamnawisha. Alinyoosha mikono, nikamimina. Nilikuwa nimeshika beseni kwa mkono wa kushoto, vidole vikiwa vimejikunja ukingoni kwa juu, na macho yake yakatua hapo. Akaacha kunawa. Akanishika vidole, vilivyo na maji vile vile, akavigeuza, akapitisha dole gumba lake kwenye ncha, kimoja baada ya kingine, kwenye sugu nne ngumu zilizoota pale ambapo uzi hukaa. Akanikazia macho. Yeye pia alikuwa nazo, nilizihisi.

"Hizi umezipata wapi?" akaniuliza polepole.

Ndaki alikuwa ameacha kutafuna. Shangazi alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake. Selo ilikuwa porini juu ya mti. Nikawaza nikisema ni mimi atasema piga, na nitapiga nini, sufuria?

"Za mchi," nikajibu. "Natwanga."

"Mchi hauoti sugu kwenye ncha."

"Ni za mchi, bwana."

Hakuniachia mara moja. Alisubiri, kama alivyosubiri Hamisi, kama wanavyosubiri watu wema wote, wanakupa nafasi halafu wanakaa kitako. Kisha akaniachia, akafuta mikono, akala kidogo, akashukuru. Jioni treni ikamchukua kuelekea Kigoma.

Sugu zile zilikaa kama miezi miwili. Zikaanza kubanduka moja moja wakati wa kufua, nyumbani kwa Ndaki. Ya mwisho, ya kidole cha shahada, ilikuwa imeng'ang'ania upande mmoja. Niliing'ata kwa meno, nikaitema uani, nikaendelea kusugua shati lake.